Afisa wa watoto naye huhitaji kufundwa

HEBU fikiria jambo hili, mpenzi msomaji. Ni saa kumi alasiri katika mojawapo ya maghorofa yaliyosongamana kandokando ya Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Kilimani, Nairobi. Mwanamke kijana mwenye mkoba na daftari amesimama langoni akimsihi bawabu amruhusu kuingia. Ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na hana hata miezi mitatu kazini. Jirani amepiga simu akasema kwamba orofa ya tano yuko msichana wa miaka kama 11 ambaye hajaonekana akienda shule, na ambaye usiku husikika akilia.

Hatimaye bawabu anakubali. Mlango unafunguliwa na mama mwenye heshima zake. Anamkaribisha mgeni, anamwandalia chai na mandazi, kisha anamweleza kwamba msichana huyo ni mtoto wa dadake kutoka mashambani na anangoja nafasi ya shule muhula ujao. Msichana anaitwa. Anasimama wima, mikono nyuma, macho sakafuni.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Unaishi vizuri hapa?"

"Ndiyo."

Mama anatabasamu. Mgeni anaandika: nyumba ni safi, mtoto ana adabu, hakuna tatizo. Baada ya dakika 20 anateremka ngazi na faili inafungwa.

Huu ni mfano tu tuliojitungia. Hata hivyo tuuchunguze, maana makosa yaliyomo huweza kufanywa na mtu mwenye stashahada halali na nia njema moyoni. Afisa alimhoji mtoto mbele ya mtu yuleyule anayeshukiwa. Alimwuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au la. Hakuuliza jina la shule inayongojewa ili aipigie simu. Hakuona mahali mtoto anapolala. Alidhani kunyamaza ni adabu. Isitoshe, alipokwisha kunywa chai ya watu aliona haya kuuliza zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Afisa huyohuyo akienda Kawangware au Kibera huingia ndani ya chumba cha mabati, akatazama kitanda, sufuria na dawa zilizo juu ya kabati, wala hakuna wa kumzuia. Akifika Kilimani husimama mlangoni akiogopa kulichafua zulia. Ukuta wa mawe na gari lililoegeshwa chini humfanya aamini upesi. Hakuna chuo kilichomfundisha kuogopa hivyo, na pengine hakuna kilichomwonya.

Lakini kosa kubwa zaidi halikuwa lake. Aliporudi ofisini, hapakuwa na mtu wa kumwuliza swali moja tu: "Mtoto analala wapi?"

Pengine utasema haya ni mambo ya nchi maskini. La hasha. Mwaka wa 1998 wazazi wa msichana mmoja wa Ivory Coast, Victoria Climbié, walimkabidhi kwa shangazi wa babake ili apelekwe Ulaya akasome. Alipitia Ufaransa, akafika London mwaka wa 1999. Mnamo Februari 25, 2000 alifariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 8, na mwili wake ulikutwa na alama 128 za majeraha. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walipatikana na hatia ya mauaji mwaka wa 2001.

Serikali ya Uingereza ilimteua Lord Laming kuchunguza kisa hicho, na ripoti yake ikatolewa Januari 2003. Ilionyesha kwamba Victoria hakuwa amefichwa. Maafisa wa ustawi wa jamii, polisi na madaktari walimjua, na walikuwa na angalau nafasi 12 za kumwokoa. Afisa aliyekabidhiwa faili yake alimwona mara nne, na ukijumlisha muda wote huo haufiki dakika 30. Ziara moja ya nyumbani iliahirishwa kwa kuwa maafisa waliogopa kuambukizwa upele. Na mtoto alipoonekana akisimama wima mbele ya shangazi yake kama askari mbele ya mkubwa wake, hofu yake ilichukuliwa kuwa heshima ya kawaida katika familia za Kiafrika! Sisi tuliolelewa katika familia hizo tunajua tofauti ya mtoto mwenye adabu na mtoto mwenye hofu. Ajabu ni kwamba hata hapa kwetu tofauti hiyo husahaulika.

Ripoti hiyo haikuishia kumlaumu afisa mmoja. Iliuliza pia waliomsimamia walikuwa wapi. Alikuwa mchanga kazini, amerundikiwa kesi, na hakuwa na mtu wa kuketi naye na kuzisoma faili zake ukurasa kwa ukurasa. Mwaka wa 2012 Uingereza ilianzisha mpango maalumu kwa wanaotoka chuoni: mwaka wa kwanza wapewe mzigo wa kazi uliopunguzwa, na waketi na msimamizi kila juma kwa majuma sita ya mwanzo, kisha kila baada ya majuma mawili hadi miezi sita itimie, halafu kila mwezi.

Usimamizi tunaouzungumzia hapa si ule wa mkubwa kukagua daftari la mahudhurio au kuuliza ripoti ya mwezi iko wapi. Ni kikao cha saa moja hivi, mlango umefungwa na simu zimezimwa, baina ya afisa na mwenzake aliyekomaa katika kazi hiyo. Kesi huletwa mezani, na mkubwa huuliza: Ni yapi uliyoyaona kwa macho yako, na ni yapi uliyoambiwa? Ulizungumza na mtoto akiwa peke yake? Ni nani mwingine anayemfahamu: mwalimu, muuguzi wa kliniki, mwenye kioski? Ni jambo gani likitokea litakufanya ubadili maoni yako? Na mwisho: nyumba hiyo ilikutia hofu gani?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lenye manufaa kuliko yote. Afisa aliyekiri kwamba alimwogopa mwenye nyumba anaweza kurudi kesho yake akiwa na mwenzake. Asiyekiri hatarudi.

Wazo la kumfuata mtu na kumfunza akiwa kazini si geni Nairobi. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa Kabete, magharibi mwa jiji, shule iliyoitwa Jeanes School. Jina lake lilitokana na hazina ya Anna Jeanes iliyosaidia elimu ya Waamerika weusi kusini mwa Marekani. Walimu waliofundishwa Kabete hawakupewa cheti na kusahauliwa. Kazi yao ilikuwa kuzunguka katika shule ndogondogo za vijijini, kuketi na walimu wenzao na kuwasaidia palepale darasani. Wake zao nao walifundishwa usafi na malezi ya watoto. Ilikuwa shule ya kikoloni yenye kasoro za ukoloni, lakini walijua kwamba anayefanya kazi peke yake hukwama. Mnamo 1961 mahali hapo pakawa chuo cha kufunza watumishi wa serikali, ambacho leo ni Kenya School of Government.

Siku hizi tumependa zaidi semina. Maafisa huitwa hotelini kwa siku tatu, wakapewa kalamu na mkoba, wakasikiliza mhadhiri mpaka chakula cha mchana. Si kwamba semina hazifai. Mashirika kama ANPPCAN, mtandao wa Afrika wa kuzuia dhuluma dhidi ya watoto ulioanzishwa mwaka wa 1986, yamewafumbua wengi macho kwa mafunzo. Shida ni kwamba mhadhiri wa semina hatakuwapo Alhamisi ile afisa anapokutana na nyumba ya orofa ya tano.

Kuna mambo ambayo ni lazima yafundishwe upya darasani, kwa sababu sheria zenyewe zimebadilika. Aliyesoma wakati wa Sheria ya Watoto ya 2001 alijua kwamba mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Sheria ya Watoto ya 2022 imeupandisha umri huo hadi miaka 12, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 huchukuliwa kwamba hawezi kupambanua mema na mabaya hadi mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Malezi nayo yamebadilika. Zamani afisa akimwokoa mtoto, wazo la kwanza lilikuwa makao ya watoto. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe na jamaa au familia nyingine. Hili ni jema, lakini hudai ujuzi mwingine kabisa. Kumpeleka mtoto kwenye makao kulihitaji gari na barua. Kumrejesha kwa nyanya yake kunahitaji kujua kama nyanya ana nguvu, kama mjomba mlevi anaishi boma hilohilo, na kumtembelea mtoto tena na tena baadaye.

Yapo pia mambo ya saa chache. Mtoto akinajisiwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Basi afisa anayesema "tungoje Jumatatu" amepoteza muda ambao haurudi. Asimwogeshe mtoto kabla ya daktari kumwona, na nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, maana katika plastiki unyevunyevu huharibu ushahidi. Watu wa Kilimani wanaifahamu Nairobi Women's Hospital ya Hurlingham, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 pamoja na kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Afisa anapaswa kuijua njia ya kufikia huduma ya aina hiyo hata saa nane za usiku, na kuhakikisha mtoto hasimulii kisa chake kwa kila mtu mwenye kalamu.

Sasa tugeukie afya ya afisa mwenyewe. Anayesikiliza mateso ya watoto siku baada ya siku huweza kupatwa na dalili zinazofanana na za aliyeteswa: usingizi hupotea, ndoto mbaya huja, kichwa huuma bila homa, hasira huwaka nyumbani kwa jambo dogo. Wengine hufa ganzi moyoni. Kesi iliyowaliza mwaka jana sasa huandikwa kwa mistari miwili. Dalili nyingine ni kuahirisha. Kila juma kuna sababu mpya ya kutokwenda katika nyumba fulani: mvua, gari halina mafuta, kuna mkutano. Afisa hajui kwamba anaikwepa nyumba hiyo kwa sababu ya jambo aliloliona humo. Mtoto hubaki bila kutembelewa, na faili huonyesha "ziara imepangwa".

Kikao cha usimamizi ndicho mahali ambapo jambo hili linaweza kugunduliwa mapema. Msimamizi mzuri akiona jina moja limerukwa mara tatu huuliza kwa upole. Dalili zikizidi majuma kadhaa, au afisa akianza kutegemea pombe ili alale, hapo si suala la usimamizi tena. Amwone mshauri nasaha au daktari, na kesi zake zigawiwe wengine kwa muda bila kusimangwa.

Na shirika dogo lenye afisa mmoja tu lifanyeje? Maafisa watatu au wanne wa mashirika jirani wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi na kupitia kesi ngumu, bila kutaja majina ya watoto wala nyumba zao. Gharama yake ni chai na nauli ya matatu.

Wewe msomaji unaingiaje hapa? Wengi wenu mko katika kamati za makanisa, misikiti, shule na mashirika yanayowaajiri watu hawa. Bajeti inapoletwa mezani, uliza ni saa ngapi zimetengwa kwa usimamizi wa maafisa, na ni nani anayewasimamia. Wakikuonyesha semina peke yake, uliza tena.

Na afisa akibisha mlangoni kwako, una haki ya kuona kitambulisho chake na kuipigia ofisi yake simu. Akiomba kuzungumza na mtoto kando, au kuona anapolala, usione umevunjiwa heshima. Ameifanya kazi yake kama inavyotakiwa, na afadhali huyo kuliko yule aliyeridhika na chai yako.

Ukimshuku mtu kwamba anamtesa mtoto, nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116. Hupokewa mchana na usiku, na haitozwi pesa. Taja jengo, orofa, na ulichokiona au kukisikia, pamoja na saa. Usimhoji mtoto wewe mwenyewe, wala usimwendee mwenye nyumba kumwonya, kwani huenda mtoto akahamishwa usiku huohuo. Zikipita siku kadhaa na hali ikabaki ilivyokuwa, piga tena.