Kabla ya Kusaini Mkataba wa Chujio la RO

Familia kadhaa zimetuletea mikataba ya chujio la maji linalofungwa chini ya sinki, lile liitwalo RO. Muuzaji hubisha hodi, huchovya vyuma vya kifaa chake cha umeme kwenye glasi ya maji ya bomba, na maji hugeuka ya kahawia. Mama mwenye watoto wadogo akiona hivyo, anasaini. Lakini rangi ile hutoka kwenye vyuma vyenyewe: umeme huvila, kutu ikaingia majini. Maji ya RO hubaki meupe kwa sababu hayana madini ya kutosha kupitisha umeme. Hapo hakuna sumu iliyopimwa.

Hapa Marekani kampuni ya maji ya mji hutakiwa kutoa ripoti ya ubora wa maji kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai kwisha. Mpangaji asiyeletewa bili anaweza kuiomba, tutawasomea. Ila ripoti haioni ndani ya nyumba yako. Madini ya risasi mara nyingi huingia kupitia mabomba ya nyumba, hasa zilizojengwa kabla ya 1986, kwa hiyo pimisha maji ya bomba lako mwenyewe. Kuchemsha, kama tulivyozoea kambini, huua vijidudu. Risasi hubaki palepale. Kwa anayekorogea mtoto mchanga maziwa ya unga, hili si dogo.

Kama tatizo ni risasi tu, jagi lenye chujio linatosha, mradi boksi liwe na alama NSF/ANSI 53 na litaje neno lead. RO inafaa zaidi palipo na arseniki au naitreti, kama baadhi ya visima vya mashambani. Alama yake ni NSF/ANSI 58. RO ya kawaida humwaga galoni tano au zaidi kwa kila galoni unayopata, vichujio vyake hununuliwa tena na tena, na mpangaji aombe kwanza ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba.

Umeshasaini? Ukiuziwa nyumbani kwako kitu cha dola 25 au zaidi, sheria inakuruhusu kuvunja mkataba bila sababu hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi. Jumamosi huhesabiwa, Jumapili na sikukuu za taifa hazihesabiwi. Muuzaji anapaswa kukupa nakala mbili za fomu ya kuvunja mkataba, na mkataba uwe katika lugha aliyokuuzia. Saini nakala moja, uitume kwa posta kabla ya muda kwisha, nyingine uitunze. Njoo ofisini siku hiyohiyo, usingoje miadi.