Kikao Kisitangulie Hospitali

Mke akipigwa nyumbani, mara nyingi jambo la kwanza unalofanya ukoo ni kuitisha kikao. Wazee husikiliza pande mbili, mume huomba radhi, mke huambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Nia ni njema, lakini mwili haungoji kikao. Aliyebakwa, hata kama ni na mumewe, anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na akiwahi zaidi ndiyo salama yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vimezwe kabla ya siku tano kupita. Aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama yoyote shingoni, ila sauti imekauka na kumeza mate ni kazi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwani uvimbe wa ndani unaweza kuziba njia ya hewa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kutulia.

Wapo watakaosema ya ndani hayatolewi nje. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kwamba, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walishapigwa au kulazimishwa ngono na mwenzi. Maumivu yaliyoenea hivyo ni suala la afya ya jamii nzima. Wengine hudai mume ana haki ya kumrudi mkewe kwa fimbo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inalikataa hilo waziwazi. Na anayeuliza kwa nini mwanamke haondoki, ajue kwamba wakati wa kuondoka ndio mara nyingi wenye hatari kubwa zaidi. Anayebaki huenda anaijua hatari hiyo kuliko sisi tulio nje.

Ndugu wana kazi nyingi kabla ya kusuluhisha: kutafuta nauli, kubaki na watoto, kumsindikiza manusura hadi Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono ambako tiba, ushauri na polisi viko pamoja. Majeruhi mahututi atibiwe kwanza, ndugu mmoja akifuatilia fomu ya polisi ya PF3. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Mtoto akiwa ndiye aliyeumizwa, simu 116 hupigwa bure. Kikao kije baadaye, iwapo manusura mwenyewe anakitaka na yuko salama.