SOMO LA ROBO HII: Teueni mkaguzi kabla ya kuchimba msingi



Kiangazi ndicho kipindi cha kuchoma tofali na kuanza ujenzi: darasa, zahanati, nyumba ya walimu. Tosamaganga, walikofika Wamisionari wa Consolata mwaka 1919, majengo ya zamani ya misheni bado yanatumika. Nasi tungependa majengo yetu yadumu. Kwa hiyo tujifunze hatua ambayo mara nyingi huachwa hadi mwisho: kumteua mkaguzi wa ujenzi.

Kwa nini mapema? Sehemu zinazobeba jengo hufunikwa. Nondo zikishamwagiwa zege, hakuna awezaye kuzihesabu. Mkaguzi anayeitwa wakati wa kupaka rangi atakagua rangi tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Darasa letu si ghorofa, lakini watoto watakaa chini ya paa lake kila siku.

Ni nani ateuliwe? Mtaalamu asiyelipwa na fundi wala mkandarasi. Anzeni kwa mhandisi wa halmashauri, na hapo ulizeni pia habari za kibali cha ujenzi. Mkiajiri mhandisi binafsi, hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Kazi zake:
1. Kupitia ramani na makadirio kabla ya kazi kuanza.
2. Kuona mtaro wa msingi kabla haujajazwa.
3. Kuona nondo za linta kabla ya zege, na kuhakikisha zege linamwagiliwa maji angalau siku 7.
4. Kuona kenchi kabla ya bati kupigiliwa.

Kila hatua aandike na kutia saini. Bila saini hiyo, kamati isilipe awamu inayofuata. Nakala apelekewe mfadhili.

Mara nyingi fundi ni mwanaparokia mwenzetu, na kumhoji ni vigumu. Saini ya mkaguzi humkinga fundi mwaminifu na maneno ya watu.

Wafadhili, tunawaomba mkubali malipo ya mkaguzi yawemo katika bajeti tangu mwanzo. Kubomoa na kujenga upya ni ghali zaidi.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Ujenzi wetu wa sasa unakaguliwa na nani, naye analipwa na nani?
- Akiona kasoro, je, tumempa mamlaka ya kusimamisha kazi?