Kutoka Kidato cha Sita Hadi Udaktari: Mambo ya Kujua Kamati za Sharika

Tulipokea barua kutoka usharika rafiki wa Marekani ikiwa na maswali mawili. La kwanza lilihusu kijana wao, mtoto wa familia yenye asili ya hapa kwetu, ambaye anamaliza sekondari na ameomba kujiunga na programu inayounganisha shahada ya kwanza na shahada ya udaktari. Walitaka kujua kama na vijana wetu hupitia njia ya namna hiyo. Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Katika maombi yetu ya ufadhili tuliandika "udaktari, miaka 5" kwa ajili ya binti aliyetoka kidato cha sita, na baadhi yao walidhani tumekosea. Inakuwaje mtu asome udaktari kabla hajapata shahada ya kwanza?

Tumeona vema kujibu hapa, kwa kuwa swali hilo hilo, likiwa limegeuzwa upande wa pili, huulizwa na kamati zetu za sharika. Wao huuliza: kwa nini Wamarekani wasome miaka 8?

Tuanze na huko. Marekani, njia ya kawaida ni kusoma shahada ya kwanza kwa miaka 4, kufanya mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari uitwao MCAT, kisha kuomba upya na kusoma miaka 4 mingine. Wengi huanza wakiwa na nia ya udaktari wakaishia njiani, kwa sababu ule mlango wa pili ni mwembamba. Programu za pamoja zilianzishwa ili kijana apewe nafasi zote mbili kwa mara moja akiwa bado yuko sekondari. Chuo Kikuu cha Brown kina programu ya miaka 8, na wanaoendelea nayo hadi chuo cha udaktari cha Brown hawadaiwi mtihani wa MCAT. Chuo Kikuu cha Missouri tawi la Kansas City, tangu 1971, kimekuwa na programu ya miaka 6 tu, ambapo mwanafunzi huanza kuona wagonjwa mapema sana.

Kuomba nafasi hizo ni kazi kubwa. Pamoja na alama za darasani, kijana huandika insha kadhaa za kueleza kwa nini anataka udaktari, na kwa nini anajua hilo akiwa na miaka 17. Hupeleka barua za walimu. Huonyesha kwamba amewahi kujitolea hospitalini au kufuatana na daktari kazini. Vyuo vingine humwita kwenye usaili. Na kwa wazazi wa hapa ambao huwaza kumpeleka mtoto huko: baadhi ya programu hizo hupokea raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani tu, kwa hiyo hilo lisomwe kwanza kabla ya kulipa ada ya maombi.

Sasa kwetu. Tanzania tulirithi utaratibu wa Kiingereza, ambapo udaktari wenyewe ndio shahada ya kwanza. Mwanafunzi hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja. Miaka ya mwanzo hujifunza mwili ulivyo na unavyofanya kazi: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Kisha huhamia wodini, akizunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na nyinginezo. Baada ya miaka 5 hutunukiwa shahada ya Udaktari wa Tiba, hufanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi katika hospitali zilizoidhinishwa, ndipo husajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndivyo ilivyo Muhimbili, ambako mafunzo ya madaktari yalianza 1963, na ndivyo ilivyo Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi. Kwa hiyo wapendwa wetu wa Marekani waelewe kwamba hatukukosea. Ile programu ambayo kijana wenu anaililia usiku na mchana, huku kwetu ndiyo njia ya kawaida.

Lakini njia hii ina mlango wake, na mlango huo haupo chuoni. Upo kidato cha nne.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo hatujawahi kuliandika. Miaka kadhaa iliyopita mfuko wetu ulimsomesha binti mmoja kidato cha tano na sita. Alikuwa mtoto wa mjane, mwenye akili nyingi, na tangu akiwa shule ya msingi alisema atakuwa daktari. Usharika wake ulimchangia kwa mnada baada ya ibada, ndizi na kuku wakauzwa mara mbili na mara tatu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa mazuri, Fizikia ikiwemo. Akapangiwa tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Kamati yetu ilisoma fomu, ikaona Kemia, ikaona Biolojia, ikapitisha. Mjumbe mmoja aliuliza kama haingefaa kuomba abadilishiwe. Sisi wa ofisini tukajibu kwamba sayansi ni sayansi.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 2019, akafaulu vizuri. Alikuja ofisini akiwa na furaha, akatuamkia, akaweka matokeo mezani, akatuomba tumsaidie kuomba udaktari. Tulifungua kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Udaktari wa Tiba hudai ufaulu katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Hakuna mahali panaposema Jiografia. Binti alisoma ukurasa ule mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu aliyejua?" Hatukuwa na jibu. Kitabu kile kilikuwa kabatini mwetu siku zote.

Ndiyo maana tunaomba kila kamati ya usharika ilichukue jambo hili kama la kwanza. Mtoto anayetaka udaktari asome PCB: Fizikia, Kemia, Biolojia. Wanafunzi wa kidato cha nne hujaza machaguo yao wakiwa shuleni, na matokeo yakishatoka serikali, kupitia TAMISEMI, hutoa muda wa kubadilisha tahasusi. Muda huo ni mfupi, na mara nyingi mtoto yuko nyumbani kijijini bila simu ya maana. Mwinjilisti au katibu wa kamati amtafute. Na pale mtoto anaposema Fizikia ni ngumu, hasa akiwa msichana, msikilizeni, lakini mwambieni wazi kwamba kuiacha ni kuuacha udaktari. Aamue akijua.

Baada ya kidato cha sita mambo huenda mbio. Mtihani hufanyika Mei, matokeo hutoka karibu Julai, na dirisha la maombi hufunguliwa mara baada ya hapo. Zamani, kuanzia 2010, maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachotaka, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Hakuna insha, wala hakuna anayeuliza kwa nini unataka kuwa daktari. Kinachoangaliwa ni alama. Ufaulu katika yale masomo matatu uwe wa A hadi E, kwa maana alama ya S haihesabiwi, na mwongozo hutaja alama za chini kabisa kwa kila somo. Kumbukeni kwamba hizo ni za kuruhusiwa kuomba tu. Waombaji ni wengi kuliko viti, hivyo wanaochukuliwa huwa na alama za juu zaidi. Tunashauri mtoto aombe vyuo zaidi ya kimoja, na aweke chaguo la pili analolipenda kweli, kama ufamasia au maabara.

Aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini vijana wetu wengi huombewa na mwenye steshenari, naye huandika namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Namba ya siri ikija, inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hakumbuki hata jina la mteja. Kijana atumie namba yake, au ya mzazi, na laini hiyo isibadilishwe hadi afike chuoni.

Upande wa fedha, wafadhili wetu wajue kwamba mfuko wa dayosisi hauwezi peke yake, na haujawahi kuweza. Ada ya udaktari katika vyuo visivyo vya serikali ni mamilioni ya shilingi kila mwaka, mbali na chakula na malazi. Mhimili ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanza kazi mwaka 2005. Kozi za afya zimekuwa katika vipaumbele vyake, lakini mkopo hupimwa kwa uhitaji, na uhitaji huthibitishwa kwa karatasi. Hapa ndipo sharika zina kazi hasa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi pia. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa hadi wanapofika kidato cha sita, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyosaidia kukipata. Mchungaji akiulizwa rejista ya ubatizo asiseme njoo wiki ijayo. Majina nayo yalingane: aliyebatizwa Elisifa na kuandikwa Elizabeth shuleni atasumbuka.

Jingine linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwombaji aliyesomeshwa na mfadhili hutakiwa kuleta uthibitisho wa ufadhili huo. Bila karatasi yetu, Bodi itaona mtoto aliyesoma shule ya kulipia na kudhani wazazi wana uwezo. Ofisi itatoa barua hiyo kwa kila mtoto aliyepitia mfuko, bure, siku hiyo hiyo.

Mtauliza yule binti aliishia wapi. Kwa kuwa alikuwa na Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha nne, aliweza kujiunga na stashahada ya utabibu, miaka 3. Mfuko ulimlipia, tuliona ni deni letu. Alimaliza 2022 akapangiwa zahanati, ambako katika juma la kwanza alizalisha mama usiku kwa mwanga wa simu. Stashahada hiyo nayo ni njia ya kuingia udaktari kwa mwenye wastani mzuri, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne, ila viti ni vichache na umri unakwenda. Ameomba. Akipata, atamaliza miaka mingi nyuma ya wenzake waliosoma PCB mwaka ule ule. Mama yake alituambia, bila hasira, kwamba ameshazoea kungoja.

Kuanzia sasa fomu ya ufadhili wa kidato cha tano ina mstari mpya unaouliza kozi anayoikusudia mtoto na kama tahasusi yake inaruhusiwa kwa kozi hiyo. Mstari huo hujazwa na katibu wa kamati baada ya kusoma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, si wa mwaka jana, kwa kuwa hubadilika. Nakala ipo katika kila ofisi ya jimbo. Fomu ambayo mstari huo umeachwa wazi itarudishwa usharikani.