Jina la Bandia, Dhambi ya Kweli

Nikiwa likizo hapa Nyasho, kijana mmoja aliniuliza: "Frateri, nikimsema mtu kwa jina la bandia, nayo ni dhambi?"

JamiiForums, tangu 2006, watu huitana "mkuu" bila kujuana. Kuna faida: anayefichua rushwa analindwa. Ila Katekisimu namba 2477 inataja makosa matatu: kuhukumu haraka, kusengenya, kusingizia. Jina la bandia halifuti hata moja, maana anayeumia ana jina halisi.

Nami niliwahi kumchafua mwenzangu hivyo. Nilipoungama, padre hakuuliza nilitumia jina gani. Aliniambia nirudi nikasahihishe palepale.

Jiulize kabla hujatuma: ningeandika haya kwa jina langu la ubatizo?