SOMO: Kengele iliyo ndani ya kichwa



Wazee wetu walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi wetu tuliokimbia vita tunalijua jambo hili katika mwili wetu. Bati linaanguka kwa jirani, na kabla hujajiuliza ni nini, tayari umesimama na umemshika mtoto. Kisha unaona ni bati tu. Somo hili linaeleza kwa nini mwili hutangulia akili, na kwa nini kila shefu wa mtaa, mzee na mama wa komite anapaswa kulielewa kabla ya kukata ugomvi.

1. Habari huingiaje katika ubongo?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Macho, masikio na ngozi havijui maana ya kitu. Vinatuma tu habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Habari hizo hufika kwanza katikati ya ubongo, mahali panapoitwa thalamasi, panapofanana na njia panda.

Katika miaka ya 1980 na 1990, mtaalamu wa Marekani Joseph LeDoux alichunguza wanyama na kuonyesha kwamba kutoka hapo kuna njia mbili. Njia fupi inakwenda kwenye amigdala, kiungo kidogo karibu kama harage kubwa, kimoja kila upande wa ubongo. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari na kupiga kengele. Njia ndefu inapita kwanza kwenye tabaka la juu la ubongo, ambako habari inapimwa: ni bunduki au ni bati? Njia fupi hufika mbele kidogo sana, lakini inatosha. Moyo unapiga mbio, damu inakwenda miguuni, nawe uko tayari kupigana au kukimbia. Wengine hukauka tu pale walipo.

Harufu ina njia yake. Haipiti kwanza kwenye thalamasi, bali inafika haraka karibu na sehemu za hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana moshi wa nyumba inayoungua unaweza kumrudisha mtu katika usiku wa miaka mingi iliyopita.

2. Umakini ni kama tochi

Ubongo hauwezi kushughulikia kila kitu kwa mara moja. Unamulika sehemu moja, na nyingine zinabaki gizani. Mwaka 1999, wataalamu Daniel Simons na Christopher Chabris walionyesha watu filamu ya wachezaji wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu mara ngapi mpira unarushwa. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa mavazi ya sokwe alipita akijipiga kifua. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona! Sisi tunaoishi karibu na sokwe wa Virunga na Kahuzi-Biega tunaweza kucheka, lakini watu wale hawakuwa wajinga wala waongo. Tochi yao ilimulika mpira.

Hofu inaifanya tochi iwe nyembamba zaidi. Aliyetishwa kwa panga anaweza kukumbuka panga vizuri na asikumbuke uso wa aliyelishika. Basi mashahidi wawili wakitofautiana, usiseme upesi kwamba mmoja anadanganya.

3. Kengele inapokataa kunyamaza

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi, na tarehe 27 Mei wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Aliyepitia siku zile anaweza kushtuka hata lori zito likipita. Huo si wazimu, wala si laana, wala si woga wa kitoto. Ni ubongo uliojifunza kwa uchungu na bado unalinda.

Mtoto naye anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kukataa kuachana na mama yake. Wababa na wamama, tusimpige. Kwa kengele yake, fimbo ni hatari nyingine. Watu wengi hutulia polepole wakipata usalama, usingizi na watu wa kuwasikiliza. Lakini mtu akipita mwezi mzima hawezi kulala wala kufanya kazi, apelekwe kwenye kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msingoje hata siku moja, na asiachwe peke yake.

4. Hofu, uvumi na amani

Kengele hii haipigwi na milio tu. Inapigwa na maneno pia. Mtu anafika kwenye robine na kusema, “Watu wa kabila fulani watatushambulia usiku.” Watu wanapandwa na hofu, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuzuia haraka, inapoteza nguvu. Jirani uliyechota naye maji jana anaanza kuonekana adui kwa sababu tu ya lugha yake. Saa hiyo mtu asiye na kosa anaweza kuuawa.

Hatusemi hofu ni uongo, imetuokoa wengi. Kama hatari iko wazi, okoeni watu kwanza. Kama ni maneno tu, kazi ya kiongozi ni kuipa ile njia ndefu nafasi ya kufika:

- Tenganisha wanaogombana na uwakalishe chini. Wavute pumzi polepole, na kuitoa kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta. Hilo husaidia moyo kupunguza mbio.
- Uliza: nani aliona kwa macho yake? Wapi? Saa ngapi?
- Tuma watu wawili wanaoaminiwa na pande zote wakahakikishe, kama njia ni salama.
- Sikiliza mashahidi mmoja mmoja. Usimlazimishe aliyetendewa ubaya kusimulia mbele ya watu.
- Usitoe hukumu watu wakiwa bado wanatetemeka. Hukumu ya kesho asubuhi haijachelewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, kuhusu huduma ya kwanza kwa walioumia moyoni, unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kuunganisha ni kumfikisha mtu kwa ndugu zake na kwa huduma anayohitaji. Kazi hizo hazihitaji diploma.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni sauti au harufu gani zinazoshtua watu hapa kwetu? Zipi tunaweza kuzipunguza, hasa usiku?
2. Uvumi wa mwisho tuliousikia ulianzia kwa nani? Kuna mtu aliyeuhakikisha?
3. Ni watu gani wawili ambao jamaa zote hapa zingekubali watumwe kuangalia ukweli? Wachagueni leo, wakati kumetulia.