Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Kufumbua Maandishi ya Siri kwa Kompyuta

Leo nawaletea somo ambalo lilinipata mimi mwenyewe. Muhula uliopita niliandika hivi ndani ya shajara yangu:

EDED KDQD NDCL QD NDUR KDNXQD

Nilidhani nimetia kufuli. Lo! Jirani yangu wa deski aliifumbua kwa prepu moja tu. Alifanyaje?

Njia niliyotumia ni ya zamani, ya Julius Caesar wa Roma. Kila herufi huondolewa, ikawekwa ile ya tatu mbele yake: A huwa D, B huwa E, na kadhalika. Njia hii ina funguo 25 tu. Ukizichanganya herufi ovyo ovyo, funguo huwa nyingi ajabu, idadi yenye tarakimu 27! Hata hivyo, tabia ya lugha haifichiki. Mwanachuoni Al-Kindi wa Baghdad alilieleza jambo hili katika karne ya 9: hesabu herufi, nazo zitajisema.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Hapo juu mna herufi 24, na D pekee imetokea mara 9.

Hatua ya pili ni kuijua lugha. Katika Kiingereza herufi inayozidi ni E. Lakini tukisema D ni E, tunapata "FEFE LERE OEDM". Hiyo ni lugha gani, jamani? Katika Kiswahili bingwa ni A. Tena, maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Tazama miisho: D, L na R. D ikiwa A, basi L ni I na R ni O. Irabu tupu! Ufunguo umepatikana.

Hatua ya tatu twamwachia kompyuta, kwa lugha ya Python:

siri = "EDED KDQD NDCL QD NDUR KDNXQD"
fumbo = "DEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZABC"
wazi = "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ"
jibu = ""
for h in siri:
    if h in fumbo:
        jibu = jibu + wazi[fumbo.index(h)]
    else:
        jibu = jibu + h
print(jibu)

Programu huchukua herufi moja moja, ikatafuta imekaa nafasi ya ngapi katika "fumbo", kisha ikaandika herufi ya nafasi iyo hiyo katika "wazi". Nafasi kati ya maneno huachwa ilivyo. Kama herufi zimechanganywa ovyo, badilisha mstari wa "fumbo" tu kadiri unavyozitambua.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto. Malkia Mary wa Uskoti aliandika barua zake kwa alama badala ya herufi. Mwaka 1586 zilifumbuliwa na watu wa Malkia Elizabeth, na tarehe 8 Februari 1587 akakatwa kichwa.

Mimi sikukatwa kichwa. Kompyuta ikiendeshwa itaandika: BABA HANA KAZI NA KARO HAKUNA. Jirani yangu aliporudisha shajara hakucheka wala hakumwambia mtu. Alininong'oneza tu, "Pole, ndugu yangu. Hata kwetu ni hivyo hivyo." Tangu siku hiyo twasoma pamoja, na mzigo wangu umepungua nusu.

Basi nimejifunza mawili. Kwanza, kufuli hii ni ya karatasi, usiitegemee. Pili, anayekijua Kiswahili barabara ana ufunguo ambao kompyuta haina. Siri ya mtungi, kweli, aijuaye ni kata.

Zoezi: Fumbua methali hii: ZRTOF SN SLZAZ. Tahadhari! Z imezidi, lakini si A. Maandishi mafupi hudanganya, kwa hiyo anza na miisho ya maneno.

Kazi kwenu!